Nani Apewe Kamera ya Enesia

Hadithi hii ina kichwa na kiwiliwili, lakini miguu sina. Miguu mtaitia nyinyi. Nimewahi kuisimulia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na nyumbani kwa watu waliokuwa wamekuja kupatanishwa, na kila mara wasikilizaji waliondoka wakibishana, hata hao waliokuja kupatanishwa. Basi kaeni vizuri, muwajue kwanza watu watatu ambao mwishoni mtaniamulia.

Wa kwanza ni Edina, kifungua mimba wa mzee Yotamu Mwalongo, seremala wa kilimani nje kidogo ya mji wa Njombe. Edina alijaliwa jicho lisilochoka. Utotoni ukimpa ungo wa maharage achambue, ungo ulirudi hauna hata punje ya mchanga, na tena alikuambia vijiwe vilikuwa vingapi. Alipokuja kuwa mwalimu wa darasa la pili, watoto walijua kwamba herufi iliyopinda haimpiti.

Wa pili ni Lusungu, kitinda mimba. Yeye alijaliwa mkono. Alikuwa na chumba kidogo Makambako, kompyuta mbili na kiti kimoja, akihariri video za harusi. Shangazi wa bwana harusi akitokea amefumba macho, Lusungu alimtafutia ile sekunde aliyoyafumbua. Siku moja alimfanya bwana harusi apite nyuma ya nguzo akiwa amevaa suti nyeusi, atokee upande wa pili akiwa na nyeupe. Bibi mmoja wa familia hiyo, tangu alipoiona video ile, hakukubali tena kupokea hata kikombe cha maji kutoka mikononi mwa Lusungu.

Wa tatu ni Skola, ambaye hakuzaliwa katika nyumba hiyo. Aliolewa na Obedi, mtoto wa kati, dereva wa malori ya mbao, mtu wa kuonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi. Kwa miaka sita Skola aliishi na wakwe zake. Yeye alijaliwa kumwelewa mtu kabla hajamaliza kusema. Alipokuona umeshika mlango, alijua kama unaingia au unaaga.

Hao ndio watatu. Sasa mjueni mama wa nyumba, maana kazi ya kuamua ilimwangukia yeye.

Enesia, binti Mgaya, alikuwa mkunga katika hospitali ya misheni mpaka alipostaafu. Mwaka wa tisini na tatu, muuguzi mmoja kutoka Ufini aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao alimwachia kamera ya video, zile za zamani za kanda ndogo. Alimpa pamoja na agizo moja: usimwachie mtu mwingine, itaanguka. Enesia akalishika agizo hilo kama alivyozoea kuyashika maagizo ya wodini. Tangu siku hiyo kila kipaimara, kila mavuno ya viazi, kila jino lililong'oka, mpigaji alikuwa yeye. Majirani wakamwita Mama Kamera. Mara moja tu mumewe aliomba aishike kidogo, akapiga viatu vyake mwenyewe kwa dakika tano akidhani ameizima. Baada ya hapo haikutoka tena mikononi mwa Enesia.

Kanda zikafika thelathini na saba. Lusungu alipokua akazihamishia zote kwenye flashi, ili ziweze kuonyeshwa kwenye televisheni ya sebuleni. Nyumba nzima ilicheka na kulia juu ya kanda zile. Hakuna aliyegundua kasoro yake, hata Enesia mwenyewe.

Kasoro ilijitokeza mzee Yotamu alipoanza kusahau.

Alianza kusahau vipimo. Aliupima ubao mmoja mara nne na kila mara akapata jibu jipya, akaweka tepu mfukoni, hakuitoa tena. Kisha yakaondoka majina ya miti, kisha njia ya kwenda kanisani. Daktari wa mjini aliwaeleza kwa upole kwamba ugonjwa huo haurudishwi nyuma, ila mgonjwa anaweza kutulizwa. Kilichomtuliza mzee kilikuwa kanda. Kila saa tisa alasiri aliwekewa televisheni na kikombe cha chai ya tangawizi, naye akakaa akiwataja watu mmoja mmoja bila kukosea. "Huyu Edina, kaanguka kwenye viazi. Huyu Obedi. Huyu mdogo ni Lusungu, hapendi kuvaa viatu." Walipopita mbele yake wakiwa watu wazima, siku nyingi aliwatambua pia.

Alasiri moja akauliza, "Na mama yao yuko wapi?"

Enesia alikuwa ameketi kando yake, amemshikia kisosi. "Nipo hapa, baba Edina."

Mzee akamgeukia kwa heshima zote. "Sikukusudia wewe, bibi. Namuulizia mke wangu. Binti Mgaya."

Wakamletea picha ya harusi kutoka ukutani. Mzee akaipokea, akaifuta kioo kwa kiganja. "Huyu ndiye. Namfahamu vizuri. Alinizalia watoto watatu, halafu akaondoka." Akanyoosha kidole kwenye televisheni. "Tazameni wenyewe. Sherehe zote hizi, hayupo hata moja."

Hapo ndipo Enesia alipoelewa alichojifanyia. Kwa miaka ishirini na kitu alikuwa amewaweka watu wote ndani ya kanda, akajiacha nje.

Haikuishia hapo. Jioni hiyo, jua likiwa limegusa misonobari, mzee alimwambia, "Bibi, nakushukuru kwa chai. Lakini jua linashuka, na mimi ni mtu mwenye mke, hata kama hayupo. Ukikawia hapa watu watasema."

Enesia akaaga. Akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka nyuma ya jiko, akaingia kwa mlango wa uani. Tangu siku hiyo akawa analala katika chumba cha zamani cha Edina, baada ya miaka arobaini na miwili ya ndoa. Alipomsimulia Skola kisa hicho, Enesia alicheka, akaigiza sauti ya mumewe: "Watu watasema." Kisha akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akajifunika uso kwa khanga. Skola akaendelea kumenya viazi bila kumwangalia, kwa sababu alijua ndivyo mama mkwe wake alivyotaka.

Likizo ya mwezi wa sita, Edina na Lusungu wakaja nyumbani. Obedi alikuwa safarini kama kawaida. Enesia akawaita Edina, Lusungu na Skola, akaiweka kamera mezani juu ya kitambaa.

"Hii mnaijua," alisema. "Kila mmoja wenu aliitaka. Edina uliililia ukiwa na miaka kumi na miwili. Lusungu, wewe uliiba betri yake ukidhani sitajua. Na Skola, nimekuona unavyoifuta vumbi."

Skola akainamisha macho. Kwao mama yake alifariki bila kuacha hata picha ya kitambulisho, na hilo Enesia alilijua.

"Atakayenirudishia baba yenu," Enesia akaendelea, "hata kwa alasiri moja tu, anijue na kuniita jina langu, kamera ni yake. Na kanda zote thelathini na saba pamoja nayo, maana haviachani. Na sitaki mniambie mtashirikiana. Kitu cha watu watatu hakina mwenyewe."

Edina akaanza.

"Baba haamini picha ya ukutani," alisema. "Anaamini kanda. Basi mama lazima awemo ndani ya kanda."

"Msijisumbue," Enesia akajibu. "Mimi simo. Aliyeshika taa hajimuliki."

Edina akachukua daftari la shule, akaketi mbele ya televisheni. Siku kumi na moja aliketi pale, kanda baada ya kanda, saa baada ya saa. Hakuwatazama waliokuwa wakicheza na kuimba, alitazama pembeni yao: vioo vya madirisha, masufuria yaliyosuguliwa, madimbwi ya maji. Akaandika. Kanda ya tatu, kivuli cha mama uani, kirefu, cha asubuhi. Kanda ya tisa, mkono wa mama unamwongezea mgeni mchuzi. Kanda ya kumi na nne, kidole gumba cha mama mbele ya lenzi, nusu dakika. Macho yakamuuma, akayakanda kwa maji baridi, akarudi. Enesia alimletea chakula akampitia kimya, kama mtu anayepita mbele ya mwenye kusali.

Kwenye kanda ya ishirini na tisa mzee Yotamu alikuwa amemaliza kumtengenezea mchungaji kabati la nguo lenye kioo kirefu mlangoni. Yeye na mafundi wawili walikuwa wanalitoa karakanani. Sauti ya Enesia ilisikika: "Polepole hapo mlangoni, mtavunja kioo." Kabati likainamishwa lipite, kioo kikageuka upande wa kamera, na kitu cha njano kikamulika, kikapotea kabla mtu hajapepesa.

Edina akarudisha nyuma. Akarudisha tena. Alirudisha mara kumi na tisa, ndipo akaita, "Mama, uliwahi kuwa na kitambaa cha kichwa cha njano?"

Enesia, aliyekuwa anapepeta mahindi uani, akaweka ungo chini. "Nilikuwa nacho. Nilimfungia mtoto mmoja wa Lupembe aliyezaliwa kabla mama yake hajapata nguo za kumpokelea. Kwa nini?"

"Kwa sababu umo," Edina akasema.

Sasa ikawa zamu ya Lusungu.

Lusungu akafungua kompyuta yake ya mapajani kwenye meza ya kulia chakula, akamvutia mama yake kiti. "Sekunde moja ya video ni picha ishirini na tano zinazofuatana haraka," alimweleza. "Katika hizi wewe umo kwenye kumi na moja. Kumi zimepakaa kama uji uliomwagika. Moja imetulia."

Hiyo moja akaigandisha. Kwenye kioo cha kompyuta mafundi wakasimama ghafla, mguu wa mmoja ukiwa hewani, vumbi la randa likiwa limening'inia bila kuanguka. Sauti hakuigandisha, aliiacha iendelee chini yake, vicheko vya mafundi na mlio wa kuku. Sekunde tisa aliishikilia ile picha, na ndani ya sekunde hizo akaisogeza polepole kuelekea kwenye kioo cha kabati, kama mtu anayesogea kuchungulia. Akaangaza giza la karakana. Akafuta mkwaruzo uliokuwa umekata kanda katikati. Siku tatu alifanya kazi hiyo, akila kwa mkono mmoja.

Kisha akamwita mama yake atazame. Mle ndani ya kioo alisimama mwanamke wa miaka thelathini na minane, kitambaa cha njano kichwani. Alikuwa amerudi nyuma kuwapisha wabebaji, na kamera ilikuwa imeshuka hadi kifuani, uso wake wote ukawa wazi. Alikuwa anacheka.

Enesia alimtazama kama mtu anayemtazama dada yake. Hakuwahi kumwona. Alijua tu kwamba alikuwepo.

"Baka langu," alisema mwishowe, akajigusa shavu la kushoto. "Hapa liko upande mwingine."

"Ni kioo, mama. Kioo hugeuza." Lusungu akabonyeza mara mbili, picha ikageuka, baka likarudi kwenye shavu lake.

Kesho yake saa tisa wakamwekea mzee ile kanda ya ishirini na tisa iliyohaririwa. Edina alisimama mlangoni, Lusungu nyuma ya kiti, Skola na chai. Enesia aliketi mahali pake pa siku zote, mikono imebana magoti.

Kabati likatoka. Sauti ikasema polepole mlangoni. Picha ikaganda, ikasogea, na mwanamke wa kitambaa cha njano akajaa kwenye televisheni.

Mzee Yotamu akashusha kikombe. "Huyo," alisema. "Huyo ndiye." Uso wake wote ukafunguka. "Kumbe alikuwepo. Nilimkosea. Nilisema aliondoka, kumbe siku ya kabati la mchungaji alikuwepo." Akageuka kushoto, akageuka kulia, akapita juu ya uso wa Enesia bila kutua. "Sasa baada ya hapo akaenda wapi?"

Picha iliyogandishwa ikaisha, kanda ikasonga kwa wengine, kwa sherehe nyingine ambamo mke wake hakuwamo. Mzee akaanza kulia. Tangu augue hakuwa amewahi kulia mbele ya kanda. Mwanzo alikuwa na mke aliyeondoka zamani; sasa alikuwa na mke aliyempata na kumpoteza papo hapo.

Enesia akamshika mkono. Mzee akauondoa kwa adabu. "Samahani, bibi," alisema. "Wewe ni mwema. Lakini siye wewe."

Lusungu akazima televisheni. Edina alikwenda nje, akasimama karibu na mabanzi, na Lusungu akamfuata, na baadaye kidogo wakasikika wakilaumiana kwa sauti za chini, kila mmoja akisema afadhali wasingeanza.

Sasa msikilizeni Skola.

Yeye alibaki akifuta chai iliyomwagika mzee alipoanza kulia. Aliifuta polepole kuliko ilivyohitajika. Kisha akaenda uani, akawakuta shemeji yake na wifi yake, na mama mkwe wake ameketi kati yao.

"Mama, naomba niseme," alianza. "Baba anawatambua watoto wake wakiwa wakubwa. Hamjajiuliza kwa nini?"

"Ni damu yake," Lusungu akasema.

"Obedi naye ni damu yake, na alipokuja na ndevu baba alimfukuza mpaka aliponyoa. Anawatambua kwa sababu kanda zimewakuza mbele yake. Leo Edina ni mtoto, kesho ana kipaimara, keshokutwa anahitimu ualimu. Mmekua taratibu, naye amewafuata. Lakini mama hajazeeka mbele yake hata siku moja. Mmempa wa zamani. Wa leo anaketi pale. Njia ya kutoka kwa yule mpaka kwa huyu, nani amemwonyesha?"

Edina akamtazama, kisha akamtazama mama yake.

Skola akaendelea na mpango wake, na hakuna aliyeuongeza wala kuupunguza. Alikwenda sokoni asubuhi akarudi na kitambaa cha njano. Akamsimamisha Enesia kwenye mlango wa karakana, mahali palepale, mwanga uleule wa kabla ya adhuhuri, kamera ya zamani kifuani. Yeye mwenyewe akashika simu, akamtaka Lusungu amwonyeshe picha ya zamani kila mara ili uso ukae sawasawa na ule: kidevu juu kidogo, bega la kushoto chini.

Kilichoshindikana kilikuwa kicheko. Tangu siku ya harusi yake Enesia hakuwahi kusimama mbele ya kamera. Alikaza midomo kama anayepigwa picha ya pasipoti. Mara saba walijaribu. Edina alimtania, Lusungu akavaa kitambaa cha njano kichwani mwake mwenyewe, hakuna kilichosaidia.

Skola hakumwambia acheke. Alisema tu, kwa sauti nzito ya mzee Yotamu, "Bibi, jua linashuka. Watu watasema."

Enesia akacheka mpaka kamera ikatikisika kifuani. Skola alikuwa ameshabonyeza.

Lusungu akaziunganisha zile mbili. Picha ya zamani akaifanya iyeyukie ndani ya picha mpya, na kwa sababu Skola alitaka iende taratibu, aliinyoosha hadi sekunde thelathini. Mistari ya uso ilikuja mmoja mmoja kama njia zinazokanyagwa shambani. Nywele zilizochungulia chini ya kitambaa zikapauka. Njano haikubadilika, baka halikuhama, kicheko kilibaki kilekile. Na Skola akasema kitu cha mwisho: siku ya kuonyesha, mama aketi pale pale kando ya mzee, na kitambaa hicho kichwani.

Saa tisa ikafika. Mzee akapewa chai. Enesia aliketi kando yake, kitambaa cha njano kichwani.

Kabati. Mlango. Sauti. Picha ikaganda.

"Huyo ndiye," mzee akasema, kama juzi. Akasubiri mwanamke yule aondoke.

Hakuondoka. Mzee akasogeza kiti mbele. Alitazama kama alivyokuwa anatazama ubao anaotaka kujua utapasuka wapi. Mwanamke wa kwenye televisheni akazeeka kidogo, akazeeka tena, na mzee akamfuata, midomo ikisogea bila sauti. Zilipokwisha zile sekunde thelathini, aliweka kikombe chini. Kisha akageuka kando yake.

Akakiangalia kitambaa. Akaliangalia baka. Akanyoosha kidole chenye kovu la msumeno, akaligusa.

"Binti Mgaya," alisema. "Umezeeka."

"Na wewe pia, baba Edina."

"Nilikutafuta."

"Najua. Nilikuwa naona."

Uso wa mzee ukaingiwa na wasiwasi wa fundi. "Kioo kile. Hakikuvunjika?"

"Hakikuvunjika," Enesia akamjibu. "Kilifika kizima."

Mzee akauchukua mkono wake, akauweka juu ya goti lake kama kitu alichokuwa amekiweka mahali na sasa amekiona. Jua lilipoanza kushuka Enesia akainuka kwa mazoea, aage. Mzee hakumwachia mkono. "Unakwenda wapi saa hizi?" alimwuliza.

Siwadanganyi kwamba alipona. Siku nyingine kanda hiyo ikionyeshwa anamjua, siku nyingine anaishia kusema tu kwamba mwanamke yule anacheka vizuri. Lakini hakulia tena mbele ya televisheni, na Enesia alirudi kulala chumbani kwa mumewe.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Enesia akaiweka tena kamera juu ya meza. Alikuwa ameahidi, na si mtu wa kuvunja ahadi. Obedi alikuwa amerudi, akakaa pembeni, akasema hilo halimhusu na atakubali lolote.

"Semeni wenyewe," Enesia akawaambia wale watatu. "Nimejaribu kuamua siku nne, nimeshindwa."

Edina akaanza, bila kelele. "Mama, mimi sitaki kujisifu. Lakini ulisema wewe mwenyewe kwamba humo. Kama ningeamini, leo kamera isingekuwa mezani. Lusungu angegandisha nini? Skola angemzeesha nani? Siku kumi na moja nimetazama. Ningepepesa jicho kwenye ya ishirini na tisa, leo tungekuwa na kivuli na kidole gumba."

Lusungu akakuna kichwa. "Dada ni kweli ulimwona. Lakini ulimwona wewe peke yako, baada ya kurudisha mara kumi na tisa. Baba asingeweza kurudisha mara kumi na tisa. Kitu kinachopita kabla ya kope kushuka, kwa mgonjwa hakipo. Mimi ndiye niliyemwambia mama asimame, naye akasimama. Na Skola, shemeji, uliposema azeeke taratibu, yalikuwa maneno mazuri. Mkono uliomzeesha ulikuwa huu."

Skola alikawia, mpaka Enesia akamtazama kumruhusu. "Mimi sina kanda wala kompyuta," alisema. "Na sikuzaliwa hapa, kwa hiyo mkinipita sitanuna. Lakini mama, siku ile kazi ya macho ilikuwa imekwisha na kazi ya mkono ilikuwa imekwisha, na baba alikuwa analia kuliko mwanzo. Ulisema atakayekurudishia. Siku ile alikuwa bado hajarudi."

Kila mmoja alikuwa amesema kweli.

Enesia akamgeukia mumewe, ambaye siku hiyo ilikuwa moja ya siku zake njema. "Baba Edina, nani apewe?"

Mzee Yotamu aliwatazama mmoja mmoja. "Aliyetengeneza kabati," akasema.

Wakacheka wote, na Enesia zaidi yao. Lakini kicheko kilipokwisha kamera ilikuwa bado mezani, na nyuso tatu zilikuwa bado zinamngoja.

Basi, nyinyi mnaonisikiliza. Yupo aliyempata mama ndani ya kanda ambamo mwenyewe aliapa hayumo. Yupo aliyeishika sekunde isiyoshikika, akaifanya isimame na kutembea alivyotaka. Na yupo aliyejua mzee alikuwa amepotelea wapi, akamwonyesha njia ya kurudi. Ukimwondoa mmoja, Enesia angali anazunguka nyuma ya jiko kila jioni. Kamera ni moja, na mwenyewe amekataa igawanywe. Msiniambie wote wanastahili, hilo hata Enesia analijua. Wewe uliyekaa hapo mbele, kama mikono ya Enesia ingekuwa yako, ungemkabidhi nani?